Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Dereva

Jumapili hiyo mke wangu alikuwa hospitalini Machakos mjini, akisubiri kufanyiwa upasuaji ili ajifungue mtoto wetu wa kwanza, na alikuwa amekataa katakata kuingia kabla ya kumwona mama yake. Daktari alisema mtoto amechoka na hawangengoja sana. Nikaendesha gari langu mbio hadi Kola kumchukua mama mkwe. Nyonga yake ilikuwa mbovu, bodaboda hangeweza kupanda, na kila mwenye gari kule alikuwa kanisani.

Alikaa kiti cha nyuma, upande usio wangu. Kwetu Ukambani kuna nthoni, ile heshima kati ya mwanamume na mama wa mkewe: hamshikani mikono, hamkaribiani, na jambo likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Mtu wetu wa tatu alikuwa kitandani. Basi tukasafiri kimya, isipokuwa usukani, uliokuwa ukigongagonga tangu fundi mmoja aufungue wiki iliyopita kurekebisha swichi ya indiketa. Nilimrudia, akaniambia ni barabara mbaya. Barabara mbaya, na gari hata hajalitoa uani!

Kabla ya mteremko mkubwa, ule ambao upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni hewa tupu, kelele ilibadilika. Nilikata kona na gari likachelewa kunisikia. Nikajaribu tena polepole: mikono iligeuka, magurudumu yakabaki yanafikiri. Nikasimama, nikaweka mawe mbele ya magurudumu.

Nilianza chini. Nikayashika magurudumu ya mbele na kuyatikisa kwa nguvu zote. Vyuma vyake vilikuwa vimekaza. Basi ubaya ulikuwa juu, kwenye jointi iliyo chini ya dashibodi, pale chuma cha usukani kinapoungana na kile kinachoteremka kwenda magurudumuni. Nikajilaza kichwa kikiwa kwenye pedali, mkono mmoja na tochi ya simu, wa pili kwenye jointi. Alihitajika mtu wa kukaa kitini autikise usukani kidogo kidogo, ndipo kidole kihisi ni wapi panapocheza. Nilingoja mpita njia, hakutokea hata mmoja. Simu ikaita. Dada yangu, aliyebaki na mke wangu, aliuliza tuko wapi, daktari amerudi tena.

Nikasimama nikiangalia bonde, kwa sababu sikuweza kumwangalia mama mkwe.

"Mama," nikasema, "naomba ukae hapa mbele ushike usukani. Mimi nitakuwa huko chini, miguuni pako."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na pia nilikasirika, maana muda ulikuwa unatuishia. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka. Alishuka akishikilia nyonga, akazunguka, akakaa kitini na kukusanya leso yake magotini.

"Sijui kuendesha," akasema. "Wewe niambie tu."

Nikaingia chini. Viatu vyake vya kanisani vilikuwa karibu na sikio langu. Nilimwambia kulia, kushoto, kulia tena, naye akafuata taratibu kama anayebembeleza mtoto. Kidole kikahisi panapogonga. Bolti inayobana jointi ilikuwa imefunguka, imeshikilia kwa meno ya mwisho. Kona moja zaidi na ingetoka, nasi tungeenda moja kwa moja kule kwenye hewa.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata. Sasa usiusogeze, mama. Hata kidogo."

Akaushika kwa mikono miwili. Mara ya kwanza bolti ilikataa, spana ikateleza ikanichubua vidole, nikaitukana kwa neno ambalo mkwe hasemi mbele ya mkwe. Mara ya pili ikakamata. Nikakaza hadi mkono ukafa ganzi, nikamwambia atikise, na jointi haikucheza tena. Hata hivyo sikuiamini. Nikamwomba angoje kando ya barabara nijaribu kona ya kwanza peke yangu.

"Na ukianguka, mimi nitafika kwa mtoto wangu na nini?" akasema, akarudi kiti cha nyuma.

Nilishuka mteremko ule kwa gia ya kwanza, shati limenigandia mgongoni. Nyuma yangu mama mkwe aliomba kwa sauti, akiuombea usukani kama mgonjwa. Gari lilinitii kila kona.

Hospitalini walimruhusu mtu mmoja tu. Aliingia yeye, nami nikabaki kwenye benchi na hofu yangu, na wivu pia, siwezi kukana. Alipotoka, mke wangu alikuwa ameshapelekwa. Akakaa mwisho wa benchi, mbali nami inavyostahili.

"Ameingia bila kulia," akasema akiangalia ukuta. "Ameuliza kama gari imetusumbua. Nimemwambia imekuja vizuri sana."

Nikamshukuru. Tulikaa muda mrefu, na kila mlango ulipofunguka tuliinuka sote wawili.

"Lakini kurudi," akasema, "mimi nitatafuta matatu. Hiyo gari yako sipandi tena, hata ibarikiwe na askofu."

Nilicheka nikashindwa kujizuia, naye akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Muuguzi alipotoka kutuambia ni msichana, na kwamba mama na mtoto ni wazima, alitukuta hivyo, akauliza ni nani aliyetangulia kutupa habari.