Meno ya Tarumbeta

Nilivimbisha mashavu katika duka la ala za muziki mjini Mwingi, nikimwonyesha msichana wa bendi ya kanisa jinsi nilivyoona tarumbeta ikipigwa Ulaya. Yakatoka mate tu.

Nyanya yake, mfanyabiashara wa mbuzi, akaninyang'anya tarumbeta. Hakutaka kununua chombo kitakachomshinda mjukuu.

"Achama!" Akampapasa msichana meno ya mbele, moja moja, kama anavyokagua mbuzi sokoni. "Yameshika." Basi akachagua kidomo kidogo cha kupulizia, akakichomeka.

Msichana akapuliza. Mbuzi waliokuwa kwenye lori nje wakaitikia wote.

"Nifungie hiyo, naichukua," nyanya akamwambia mwenye duka.

Mimi niliyezunguka dunia nikaona wivu, nikaachama pia. "Na mimi, susu," nikamwambia nyanya kwa Kikamba chake, "naweza kuanza kujifunza?"

Akachungulia kwa muda mrefu meno yangu yaliyolegea.

"Wewe ni wa kuchinja."