Maini Ndani ya Mtori wa Haika

Bado naiona siku ile kama ya jana, mwanangu, siku niliyomdanganya mtoto mdogo kwa kijiko nikajiona mjanja.

Kwanza unijue. Shule niliiacha darasa la nne. Nilianza kwa kubeba mikungu ya ndizi mgongoni pale Himo, na leo katika maroli yanayopeleka ndizi Dar, yangu yamo. Nyumba yangu ya Rau, muulize fundi yeyote wa Moshi. Sisemi kwa majivuno, nasema ili uelewe: mtu aliyeyashinda hayo yote hakubali kirahisi kushindwa na sahani ya mtoto.

Basi Haika, binti yangu wa kwanza, alinishinda. Alikula mtori tu, ile supu yetu nzito ya ndizi. Tena si mtori huu wa watu, wenye nyama na vitunguu. Wake ulikuwa ndizi, chumvi na maziwa kidogo, ndani ya bakuli lake la bluu. Wali ukipikwa, alianza kulia kabla haujafika mezani. Harufu ya kitunguu ilimtapisha. Wageni wakiwa wengi, vijiko vikigonga sahani, aliziba masikio akatetemeka. Daktari wa watoto mjini alituambia, "Huyu si jeuri. Ulimi na pua yake vinahisi kuliko vyetu, na hofu inamkaba koo. Msimlazimishe." Mimi nikacheka. Mtoto wa Kichagga aogope chakula? Si wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye?

Siku hiyo mke wangu alikwenda mazoezi ya kwaya. Nikaingia jikoni, nikachemsha maini, nikayaponda mpaka yakalainika kama siagi, nikayakorogea ndani ya ule mtori. Kidogo tu, kwa macho huoni kitu. Nikamwambia, "Haika, mtori wako huo, ni ule ule wa kila siku."

Akatia kijiko mdomoni. Mwanangu, hakuliangalia bakuli, aliniangalia mimi. Halafu akatapika, akakimbilia nyuma ya tangi la maji, akajikunja huko.

Nilidhani yataisha jioni. Kesho yake mama yake akapika mtori safi, mtoto akalisukuma bakuli. Keshokutwa vilevile. Kisha akakataa maziwa. Kisha akakataa hata maji ya kikombe. Alikunywa tu akifungua bomba mwenyewe na kukinga kwa kiganja. Mtoto wangu wa kumzaa ananiogopa kama mtu mwenye sumu! Midomo ikampasuka, macho yakaingia ndani, tukaishia hospitali, dripu mkononi. Nilikaa kwenye benchi pale nje, mdomo wazi, siamini kwamba kijiko kimoja cha maini kimefanya yale yote.

Walipomruhusu, tukampeleka Uru kwa mama yangu. Nilitegemea ataniunga mkono, maana alitulea watoto tele kwa sufuria moja na hakuna aliyethubutu kuchagua. Nikamwamkia, nikamsimulia.

"Huyu alikuwa na vyakula vingapi?" akauliza.

"Kimoja, mama."

"Na wewe ukakiharibu!" Akajipiga paja. "Baba Haika, mtu mwenye mgomba mmoja unamwashia moto shinani? Maroli unayo, nyumba unayo, akili umeiegesha wapi? Himo?"

Mke wangu akageukia ukutani kuficha kicheko. Mimi jasho.

Mama hakumwita mtoto, wala hakumbembeleza. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, akaanza kumenya ndizi taratibu. Haika akasogea. Bibi yake hakumtazama, alimsukumia ndizi moja tu. Mtoto akaimenya, akainusa, akaiweka kwenye makaa kwa mkono wake. Hakuna mwingine aliyeigusa. Ilipoiva, tukanyamaza wote, hata kuku nilitamani wanyamaze.

Akala nusu.

Nusu ya ndizi, mwanangu! Mimi nisiyejua kulia, nilitoka nikaenda kusimama zizini, uso kwenye ubavu wa ng'ombe.

Mtori aliurudia baada ya muda mrefu sana. Leo ni msichana mkubwa, vyakula vimeongezeka kimoja kimoja, na vingine hagusi mpaka kesho. Lakini mimi nikimpa bakuli, hulinusa kwanza kabla ya kusema asante. Akipewa na mama yake, halinusi.

Kwa hiyo sikia. Ukijaliwa mtoto wa namna hii, usimfichie kitu ndani ya chakula anachokiamini. Kile kidogo anachokula, kilinde kama mbegu. Kipya kiweke pembeni, kwenye sahani yake chenyewe, akiguse, akinuse, akiache, kesho kiweke tena. Punguza kelele, punguza macho ya watu. Mwache apike nawe aone kila kinachoingia. Na akianza kukonda, au akikataa maji, kimbia kwa daktari, na daktari akisema neno, usicheke. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mdomoni mwa Haika.

Mungu akujalie chakula nyumbani na subira mezani, na akupe mikono ambayo mtoto wako atapokea kitu kutoka kwayo bila kukinusa.