Visikilizi vya Shemeji

Kwa siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya bawaba. Ni bawaba ndogo ya mfuniko wa kisanduku cha kuchajia, kisanduku chenyewe hakizidi yai la kuku. Ilikuwa imelegea. Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: je, ilikuja hivyo kutoka ilikotengenezwa, au niliilegeza mimi mwenyewe kwa kuufungua mfuniko mara mia moja ili nihakikishe kama imelegea?

Visikilizi vyenyewe, vya masikioni, visivyo na waya, havikuwa vyangu. Vilikuwa sehemu ya mahari. Kaka yangu alikuwa anaoa binti wa familia iliyoshuka kutoka milima ya Masisi na kujenga mtaani Ndosho, na wakwe walikuwa wametupatia facture, yaani karatasi yenye orodha ya vitu vyote tunavyopaswa kupeleka. Ng'ombe. Suti ya baba. Vitenge vya mama na mashangazi. Blanketi, sufuria, mbuzi wa wajomba. Yote hayo niliyaelewa. Kisha, chini kabisa, kaka mkubwa wa binti alikuwa ameomba cha kwake: écouteurs zisizo na waya, original.

Mtu huyo ana zaidi ya miaka thelathini, na kazi yake pekee ninayoijua ni kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya kibanda cha rafiki yake na kutoa hukumu juu ya magari yanayopita. Kioo cha simu yake kimepasuka kiasi kwamba upande wa kulia hausikii kidole. Lakini masikio yake, eti, hayakubali kitu cha kuigwa.

Kazi ya kuvitafuta nilipewa mimi, kwa sababu nina shahada ya informatique, yaani ya kompyuta, na sina ajira. Kwa familia yangu mambo hayo mawili yakiungana yanamfanya mtu kuwa mtaalamu mwenye nafasi.

"Wewe njo ulisomea hizi bitu," mama alisema. "Tafuta."

Nikatafuta. Nikavipata mtandaoni kwa nusu ya bei, kwenye ukurasa uliokuwa unatangaza "promo ya siku ya mwisho" kwa wiki ya sita mfululizo. Katika mji huu neno original limetumika mpaka limetoboka. Kuna original, kuna original kabisa, kuna original ya Dubai, na kuna original ya kwanza, maana yake anayeiuza anajua kwamba kuna ya pili. Yule muuzaji aliyatumia yote manne katika tangazo moja. Niliona, na bado nikanunua. Nilijidanganya kwa bidii ya msomi: nikasoma maoni ya wateja moja baada ya jingine, nikalinganisha picha, nikachora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, faida huku, hasara kule. Mtu ambaye hakukanyaga chuo kikuu angeuliza bei, angecheka, angeendelea na safari yake.

Muuzaji hakuja mwenyewe. Watu wa namna hiyo hawaji. Alituma mwendesha pikipiki, tukakutana mtaani Katindo, na huyo akanieleza kwamba amekatazwa kuruhusu mteja kuchana nailoni kabla ya kulipa. Nililipa. Nilipochana, nilisikia harufu ya gundi kabla sijaona chochote.

Mengine niliyaona nyumbani, kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu meno ya ng'ombe aliyekwisha kumnunua. Kisanduku kilikuwa chepesi mno. Mshono wa plastiki ulikwaruza ukucha. Wavu mdogo wa kutolea sauti ulikuwa umebandikwa, tena umebandikwa upande. Sikio la kushoto lilizima baada ya wimbo wa tano, la kulia likaendelea peke yake kama mjane. Kile kitufe cha kuzuia kelele za nje kilizuia labda dhamiri ya aliyekitengeneza. Pikipiki za barabarani nilizisikia zote.

Hata hivyo nilitilia shaka shaka zangu. Pengine ndivyo vilivyo hata vile vya kweli. Mimi nimewahi kuvivaa wapi? Niliingiza namba ya kisanduku kwenye tovuti ya kampuni, na tovuti ikaikubali. Nilifurahi kwa muda wa chai moja. Kisha nikawaza: namba ya kweli inaweza kunakiliwa na mwongo yeyote. Ndipo nikamwandikia muuzaji kwamba nimependa, nataka nyingine tano kwa ajili ya wanakwaya wenzangu, anitumie picha ya masanduku upande wa nyuma. Alituma haraka, pamoja na alama za moto na mikono ya kuomba. Nikakuza picha. Masanduku matano yalikuwa na namba moja, na namba hiyo ilikuwa yangu.

Nilimpigia simu.

"Papa, nijibu kitu kimoja. Hizi ni original?"

"Zinatoa sauti ao hazitoe?"

"Zinatoa."

"Basi unataka original gani ingine? Ya mbinguni?"

"Sanduku zote ziko na namba moja."

"Ni batoto ba baba moja, bana. Unashangaa bakifanana?"

Akacheka, akakata, na kabla sijapata jibu zuri alikuwa amenifungia nisiweze kumfikia tena. Jibu zuri nililipata kesho yake asubuhi, kama kawaida yangu.

Nyumbani nilieleza yote. Kaka yangu alinisikiliza huku akifunga viatu.

"Petit, mdogo wangu, nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi hakuna. Yule shemeji atajulia wapi? Hata hii yako ya namba, umetumia siku tatu."

"Na akijua?"

"Atajua nikiwa nimeshaoa."

Mama alisema tu kwamba amechoka. Alikuwa na haki ya kuchoka. Tarehe ya ndoa ilikuwa imekwisha kusogezwa mara moja kwa sababu yetu. Benki zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya vita, na kila kitu kilichelewa. Wakwe walikuwa wametuambia wazi kwamba tukisogeza tena, watakaa upya na kuzungumza upya. Kila aliyewahi kupeleka mahari anajua maana ya kuzungumza upya: orodha hurefuka. Visikilizi vya kweli visingepatikana kwa siku chache, tena si kwa mfuko wetu. Kwa hiyo nikakubali kunyamaza, na kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kusema kwa watu wengine.

Jumamosi tulipeleka vitu Ndosho vikaguliwe. Tulikuwa watatu, mama, kaka na mimi. Tulipokelewa na shangazi wa binti, mwanamke mrefu mwenye miwani, na kando yake shemeji, aliyevaa shati jeupe kwa heshima ya masikio yake. Shangazi alikaa mbele ya meza, karatasi upande mmoja, kalamu upande mwingine, akaanza.

Sijawahi kuona mtihani wa namna ile, na nimefanya mitihani mingi. Kila kitenge alikifunua nusu, akakigeuza ndani nje kuona kama rangi imepenya pande zote mbili, akasoma maandishi ya pembeni, akakikunja ngumini na kukileta sikioni, akakinusa. Pumzi tatu kwa kila kitenge. Cha kwanza alikipitisha. Cha pili pia. Cha tatu, ambacho mama alikuwa amekichagua mwenyewe kwa ajili ya mama wa binti, alikigeuza mara mbili.

"Mama, hiki ulinunua wapi?"

"Kwa rafiki yangu pale Birere. Ananiuzia miaka yote."

"Rafiki yako alikuuzia karatasi. Ona mugongo wake. Kikifuliwa mara mbili kitakuwa cha kusafishia sahani."

"Tantine, mimi sikujua."

"Batu ba mujini munafikiri sisi tulitoka mulimani na macho ya mbuzi." Hakupaza sauti. Aliandika kitu kwenye karatasi. "Mutaleta kingine mpaka Ijumaa. Tuendelee."

Mama alichukua kile kitenge akaanza kukikunja. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, kana kwamba kilikuwa kimepita. Alikuwa amekinunua kwa moyo mweupe, na sasa alikuwa amekaa mbele ya wakwe zake kama mwizi wa sokoni.

Kisha wakafika kwangu.

"Écouteurs," shangazi alisoma, kwa sauti ya mtu anayesoma jina la dawa. "Mimi hii siijui. Wewe angalia."

Shemeji alikipokea kisanduku kwa mikono miwili. Akakifungua, bawaba ikayumba, hakuiona. Akachomeka moja kushoto, moja kulia. Simu yake, aliyoizima tulipoketi, ilikuwa mezani, kioo chini. Hakuigusa. Akafumba macho. Akaanza kutikisa kichwa polepole, akipiga vidole gotini kufuata wimbo ambao haukuwa ukipigwa popote duniani.

"Eh! Hii njo original," alisema kwa kelele, kama mtu anayeamini wengine hawamsikii. "Sauti iko safi! Ninyi mumefanya kazi."

Shangazi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Mtu mmoja kule jikoni alipiga vigelegele. Kaka yangu alishusha pumzi, akanikanyaga mguu taratibu, akimaanisha: umeona?

Nimeona, nilijisemea. Nilimwona mpumbavu aliyevaa shati jeupe akisikiliza plastiki tupu, na nilijua kwamba atavivaa hivyo miaka mingi bila hata kujua kwamba vina mlio wa nyuki ndani ya kopo. Hatari iliyonikosesha usingizi haikuwepo kamwe. Ningeweza kucheka. Lakini kando yangu mama alikuwa bado anakunja, na mimi, niliyejua mpaka namba, nilikuwa nimepigiwa vigelegele. Kwa hiyo dharau yote niliyokuwa nimemwekea shemeji, na yule muuzaji, na kila anayesema original mara nne kwa pumzi moja, haikuwa na pa kwenda zaidi ya kwangu.

Nilisimama.

"Tantine, na hizo andika. Ni za uongo."

"Petit, kaa," kaka yangu alisema.

"Nilijua kabla ya kuzileta. Mama hakujua kitenge chake, mimi nilijua. Andika vyote viwili."

Pale sebuleni kila mtu alinitazama isipokuwa shemeji, aliyekuwa bado anatikisa kichwa. Shangazi alimgusa bega. Akafumbua macho, akaelezwa, akabisha.

"Za uongo vipi, na nimezisikiliza?"

"Shemeji, simu yako imezimwa."

Aliitazama simu, akaigeuza, akairudisha. Jikoni mtu alicheka akajizuia. Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake, akaivaa tena na kuuliza kama vya kweli vitapatikana kufikia Ijumaa. Nilimwambia havitapatikana.

"Basi tarehe tutaizungumza upya," alisema.

"Umeniua," kaka yangu alinong'ona, bila kunitazama.

Shangazi aliandika mstari wa pili chini ya ule wa kitenge. Shemeji alikuwa amevivua, ameviweka kiganjani, anavipima kwa jicho.

"Na wakati tunangojea," aliuliza, "siwezi kubaki nazo hizi?"

"Hapana," nilisema, nikanyoosha mkono, nikauacha hapo hewani mpaka akaniwekea cha kushoto, kisha cha kulia.