Tingatinga la Kamisi na Udongo wa Driwaru

Kamisi Lokule alikuwa mtu wa Ludara, kule Koboko, na ukimuuliza kazi yake angekujibu, "Mimi napitisha chuma juu ya maji." Majivuno kidogo, ndiyo, lakini uongo haukuwamo. Tingatinga lake halikuwa kama mengine. Yale ya kawaida yana minyororo myembamba, ukiyaingiza kinamasini unaagana nayo. La Kamisi lilikuwa na minyororo mipana, kila mmoja upana wa kitanda cha mtu mmoja, tena mirefu, ili uzito wote ule utandazwe chini. Waliobisha aliwaambia wasimame kwa mguu mmoja kwenye tope waone watakavyozama, kisha watandike mkeka walale juu yake. "Sasa hii mashine imelala," angesema.

Ufundi huo hakuupata darasani. Jeshini alikuwa koplo, dereva wa lori katika kikosi cha ujenzi. Mwaka 1979 serikali ya kijeshi ilipoanguka na askari wake wakaanza kusakwa, yeye na mkewe Mariam Poni walibeba walichoweza wakavuka kuingia Sudan, kama walivyofanya majirani zao wengi. Huko akaangukia kampuni iliyokuwa inachimba mifereji kwenye vinamasi vya Naili. Mwaka wa kwanza kazi yake ilikuwa kubandua tope kwenye minyororo kwa koleo, basi. Mwaka wa tatu alikuwa juu ya kiti. Alijifunza kwamba kinachokubeba kinamasini si tope, ni mizizi ya mafunjo iliyosukana ikawa kama ngozi. Ngozi ile ukiichana umekwisha. Kwa hiyo hupiti juu ya alama zako mara nyingi, na hukati kona kwa ghafla hata kidogo.

Walirudi Ludara mwaka 1987, wakakuta nyasi zimeshakula nyumba. Kamisi akashika jembe, akalima mihogo, akadhani mambo ya mashine yameisha. Kumbe mradi wa barabara kule Arua ulikuwa umeletewa tingatinga la minyororo mipana, na hapakuwa na mtu wa kuligusa. Wakamtafuta mpaka shambani. Mwanzoni mwa mwaka 1990 wakampeleka Vurra, kwenye kinamasi kilichoko kati ya Inde na Logiri.

Nyinyi mnaopita pale leo kwa pikipiki, mkiimba, hamjui. Zamani zile mgonjwa wa Logiri alibebwa kwa machela kwenda hospitali, kuzunguka kinamasi kizima, nusu siku nzima, na wengine hawakufika. Mvua ya mwezi wa tatu ikianza, hata kuzunguka hakuna. Tingatinga nalo lilikuwa linasubiriwa mahali pengine. Nyapara wa kazi, Onzima, alikuwa ameambiwa kwamba likikosa kuvuka kabla ya mvua linaondoka, na barabara inafutwa.

Siku ya pili ya kazi alikuja mama mmoja, Driwaru, mkubwa wa wafinyanzi wa Logiri. Mitungi yote iliyouzwa soko la Inde ilitoka mikononi mwake au mwa wanawake aliowafundisha, na udongo wao ulitoka mahali pamoja tu, kwenye ukingo wa mbali wa kinamasi. Mahali hapo mwanamume hakanyagi. Akikanyaga, walisema, mitungi inapasuka kwenye moto. Hata wapima ardhi walipokuja walifukuzwa. Wakapiga vigingi upande huu na upande ule, katikati wakavuta kamba kwa macho. Na kamba yao ilikata udongo ule katikati kabisa.

"Wewe mutu ya Koboko," Driwaru alimwita, "barabara yako itakula udongo yetu?"

Kamisi alimpenda mama huyu papo hapo. Alikuwa na sauti kama ya dada wa baba yake, ile sauti ya kukuuliza jambo na kukukemea kwa pamoja.

"Haitakula, mama," alisema. "Tutapindisha. Nakupa neno langu."

"Neno yako?"

"Neno langu, wallahi."

Mdomo huponza kichwa, jamani. Hakuna aliyemtuma kuapa. Angeweza kusema "tutaangalia," na kila mtu angeenda zake kwa amani. Lakini alikuwa mgeni pale, tena mtu wa jeshi la zamani, na watu walimtazama kwa pembeni. Alitaka sana mtu mmoja amtazame usoni. Driwaru alimtazama usoni, akampa mkono, akaondoka.

Kazi ilienda vizuri. Kila asubuhi Kamisi alikata mafunjo akayalaza, akasukuma moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, juu yake kidogo kidogo, akirudi nyuma polepole kwa njia nyingine asiichoshe ngozi. Onzima alimtania kwamba bibi harusi anaenda haraka kuliko yeye. Baada ya wiki tatu ng'ambo ilikuwa inaonekana, imebaki hatua hamsini hivi. Mbele, moja kwa moja, ulikuwepo udongo wa wafinyanzi. Pembeni kushoto palikuwa na majani mabichi tu.

Kamisi akapinda kushoto.

Alijua ni kona kali. Alijua kuliko mtu yeyote katika wilaya ile. Alipinda taratibu iwezekanavyo, akaisikia ngozi ikichanika chini yake kabla hajaiona, na mnyororo wa kushoto ukazama mpaka juu. Akazima injini. Hakulaani mtu. Alishuka, maji yakamfika kiunoni, akalizunguka tingatinga akiligusagusa, kisha akatoka akaenda kukaa kwenye moramu.

"Tufunge magogo kwenye minyororo," alisema Onzima, "lipande kulia. Kulia si pagumu?"

"Sijui. Sijakanyaga."

"Wanawake wanasimama pale na mizigo kichwani kila siku, Koplo. Ni pagumu."

"Nimeapa, Onzima."

"Umeapa! Na mvua nayo imeapa?" Onzima aliangalia mawingu upande wa Kongo. Hakuwa mtu mbaya. Mama yake mzazi alikuwa Logiri.

Kamisi akapiga moyo konde, akaenda nyumbani kwa Driwaru. Alimkuta uani anakunja udongo kuujenga mtungi, na binti yake Pasca yuko mlangoni, mimba yake kubwa, anapepeta mtama. Wakamsalimu vizuri, wakampa kiti. Hakukaa.

"Mama, mashine imezama. Njia ya kutoka ni moja tu, inapita kwenye udongo wenu. Nimekuja kuomba ruhusa."

Mikono ya Driwaru haikusimama. "Nikisema hapana?"

"Itabaki mle. Mvua ikija, mashine imekwenda, na barabara imekwenda."

"Na Pasca iko namna hii." Alimwonyesha binti yake kwa kidevu. "Sasa mimi nitasema hapana na mudomo gani? Wewe unajua siwezi. Ndiyo maana umekuja."

Kamisi alikishika kiti alichopewa.

"Ulinipa neno wewe mwenyewe. Mimi sikuomba kiapo, niliuliza tu. Sasa imekuwa nzito, unaniletea mimi nikubebee. Hapana. Kama unavunja, vunja na mukono yako. Mimi sitakushikia."

Hakupandisha sauti hata mara moja. Akachovya vidole kwenye maji, akaendelea kulainisha ukingo wa mtungi. Pasca aliinamia ungo wake. Kamisi alitoka pale ameona aibu ambayo hakuiona hata siku aliyovuka mpaka na viatu vya kuazima, kwa sababu kila neno la yule mama lilikuwa kweli. Alikwenda kutafuta mtu wa kumgawia lawama, akarudi nayo yote.

Alimwambia Onzima wangoje siku moja. Habari ikafika vijijini, na kesho yake wanawake wakaja na vikapu, wakachimba udongo toka asubuhi mpaka jua lilipozama, bila nyimbo. Wanaume walipokea vikapu pembeni, mbali. Driwaru hakuja.

Asubuhi iliyofuata Kamisi alifunga magogo kwenye minyororo, akawasha, akalipandisha tingatinga kulia. Lilipanda kama ng'ombe anavyotoka mtoni, likasimama juu ya udongo wa wafinyanzi. Udongo ulishika. Palikuwa pagumu kama sakafu, pale pote, mpaka ng'ambo. Laiti asingepinda, akafuata kamba tu, zile hatua hamsini angezivuka kwa siku mbili. Akashusha bamba la mbele, akaanza kusukuma moramu, na kufikia jioni hapakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba watu waliwahi kuchimba mahali pale. Mvua ilikuja siku ya tano. Tingatinga lilikuwa limeshapakiwa kwenye trela, linaelekea Arua.

Kamisi alisifiwa. Akaajiriwa moja kwa moja, akawa mtu wa kuitwa kila palipo na kinamasi. Wafinyanzi wa Logiri walianza kufuata udongo kijito cha mbali, mwendo wa saa mbili na mzigo kichwani, na ulikuwa udongo wenye mchanga. Mitungi mingi ilipasuka. Wengine waliacha kazi. Driwaru hakuacha.

Kila kazi ilipompeleka upande wa Vurra, Kamisi alipita kumsalimu. Hakuna aliyemlazimisha. Driwaru alimwitikia, akamuuliza habari za Ludara na za Mariam Poni, akampa maji, na hakuligusa jambo lile. Naye Kamisi hakuligusa. Ikawa hivyo miaka minne.

Mwaka 1994 alimkuta amempakata mtoto. Alikuwa wa pili wa Pasca, wiki tatu tangu azaliwe. Uchungu ulikuwa mbaya sana, Driwaru alisimulia. Mtoto alikuwa amelala vibaya, na damu ilianza kutoka mapema. Walisimamisha pikapu iliyokuwa inakwenda sokoni Inde, ikapita kinamasini, kabla ya adhuhuri Pasca alikuwa mikononi mwa madaktari Arua.

"Kwa machela wangekufa wote wawili," alisema.

Akamkabidhi mtoto. Kamisi alimpokea kwa mikono yake mipana, akamsomea dua kimyakimya, macho yamemlowa na hakujali nani anaona. Akafikiri, basi, limekwisha.

"Watu wananiambia sasa niache," alisema Driwaru. "Wanasema, barabara imekupa mjukuu, unataka nini tena. Mimi nasema asante kwa barabara, Kamisi. Nasema na roho yangu yote." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Lakini ile neno yako ulivunja, iko bado."

Kamisi alimtazama mtoto, kisha akamtazama mama yule usoni.

"Iko bado, mama," alisema.

Driwaru akatikisa kichwa kukubali, akavuta kiti karibu ili wakae.