Obadiah wa Chumba cha Damu

Watu wa Mosocho waliomjua Obadiah mwana wa Nyabuto kabla ya vita walisema alikuwa mcheshi. Shuleni kwa wamisheni alikuwa akiigiza jinsi mchungaji alivyokohoa kabla ya kuanza sala, na darasa zima likafukuzwa nje kwa kicheko. Mwaka wa 1942 alijiandikisha jeshini. Kwa kuwa alijua kusoma na mkono wake ulikuwa imara, wakamtia kwenye kikosi cha matabibu. Aliporudi kutoka Burma, mwaka wa 1946, alikuwa mtu mpole anayejibu alichoulizwa, na basi.

Mama yake alidhani ni uchovu. Alimchinjia kuku, akamsongea ugali wa wimbi, akangoja uchovu umtoke. Haukumtoka. Alioa, akajenga nyumba, akapanda miche yake michache ya kahawa karibu na kijito. Mkewe Nyanchera alipojifungua mtoto wa kwanza, Obadiah alimtazama yule mtoto, akasema vidole vyake vyote vipo, akaenda kutengeneza ua uliokuwa umeangushwa na ng'ombe.

Nyanchera ndiye pekee aliyepata kumwuliza kulitokea nini huko. Walikuwa wakipalilia, na Obadiah alimweleza bila kusimamisha jembe.

Kazi yake kule, alisema, ilikuwa kuinua chupa. Majeruhi analazwa chini ya turubai, tabibu anamchoma mshipa, naye Obadiah anashika chupa juu ili kilichomo kiteremke kwa mpira mpaka mkononi mwa mgonjwa. Siku moja aliletwa Okoth, kijana wa upande wa ziwa waliyelala naye hema moja. Okoth alikata roho chupa ikiwa nusu. Obadiah aliona. Lakini tabibu alikuwa ameshamgeukia mtu mwingine, na hakuna aliyemwambia ashushe mkono, kwa hiyo alibaki ameuinua mpaka sajini alipopita akamnyang'anya ile chupa.

"Ulilia?" Nyanchera aliuliza.

"Hapana. Mkono uliuma."

"Na sasa?"

"Sasa hauumi."

Nyanchera hakuuliza tena. Alimaliza mstari wake, akahamia mwingine.

Obadiah alipata kazi ya udresa katika hospitali ya Kisii, kusafisha vidonda na kufunga bendeji. Miaka ikapita hivyo. Kisha, mwanzoni mwa 1954, daktari alimwita ofisini. Hospitali ilikuwa inataka kuwa na chumba chake cha damu, na palihitajika mtu wa kwenda Nairobi kusomea kazi hiyo.

"Wewe umeiona vitani," daktari alisema.

"Niliona chupa, bwana. Sikufundishwa kitu."

"Basi utafundishwa."

Akafunga sanduku lake akaenda. Nyanchera alimsindikiza hadi barabarani na mtoto mgongoni, na basi lilipokuja alimwambia ale vizuri. Alisema atakula.

Mwalimu wao alikuwa Bwana Menezes, Mgoa mfupi mwenye miwani, aliyenawa mikono mara nyingi hata ngozi yake ikapauka kama ya mfua nguo. Wanafunzi walikuwa wachache, kutoka pande zote za nchi, nao waliketi wawili wawili kwenye meza ndefu. Kila mmoja alipewa kigae cheupe. Juu ya kigae unaweka dawa ya aina mbili, huku moja na huku moja, unadondosha damu juu ya kila moja, halafu unakiinamisha huku na huku polepole. Damu ikibaki laini, hiyo ni habari. Ikikatika kama maziwa yaliyolala, hiyo pia ni habari. Kwa kuangalia upande uliokatika ndipo unajua mtu ni wa kundi gani. Na hata baada ya kujua kundi, ilibidi uchanganye kidogo damu ya anayetoa na maji ya damu ya anayepokea, uone kama zinakubaliana, maana zisipokubaliana mgonjwa anakufa mkononi mwako.

"Msiniambie mnadhani," Bwana Menezes alikuwa akisema. "Mnaona, au hamwoni. Asiyeona arudie."

Walijifunza kunoa sindano juu ya jiwe, kuchemsha mipira, kutia kwenye chupa dawa ya kuzuia damu isigande, kumtuliza mtoaji anayetaka kuzirai. Obadiah alifanya vizuri kupita wengi. Wenzake walipotetemeka, yeye hakutetemeka. Bwana Menezes alimsifu mbele ya darasa kwa utulivu wake, na Obadiah akasema ahsante. Hakuona haja ya kueleza kwamba haukuwa utulivu.

Mwenzake wa meza alikuwa Muraguri, kijana wa Nyeri, msemaji sana. Alisema habari za mama yake, za baiskeli aliyotaka kununua, za msichana fulani wa Karatina ambaye hakuwa amemjibu bado. Obadiah alisikiliza. Haikumchosha, wala haikumfurahisha, lakini alizoea ile sauti upande wake wa kushoto.

Mwezi wa Aprili askari waliuzingira mji mzima wakiwakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa kuwashuku kuwa Mau Mau. Asubuhi moja darasa lilikuwa katika mazoezi ya kupimana. Muraguri alikuwa amenyoosha kidole, Obadiah amemchoma, matone yako tayari kwenye kigae. Mlango ukafunguliwa. Mzungu mwenye bastola kiunoni akasoma majina. Muraguri aliposikia lake alipangusa kidole kwenye koti jeupe, likaachwa na alama, akasimama.

"Nisomee hiyo," alimwambia Obadiah, akielekeza kidevu kwenye kigae. Akatoka na wenzake.

Obadiah alikiinamisha kigae huku na huku kama walivyofundishwa. Upande mmoja ulikatika. Sheria ya darasa ilikuwa kutamka kwa sauti, kwa hiyo alitamka: "Kundi B." Bwana Menezes alikuwa dirishani. Alisema, "Sawa," bila kugeuka.

Kigoda cha Muraguri kilisogezwa ukutani. Hakuna aliyepata habari zake tena, angalau si Obadiah. Jioni ile bwenini alikula ugali wake wote, na mpishi alipouliza nani anataka kuongezewa, akapeleka sahani.

Alirudi Kisii na cheti. Chumba cha damu kilikuwa stoo ya zamani ya mablanketi. Kilipakwa chokaa, kikatiwa meza, darubini, na friji ya mafuta ya taa iliyonuka mpaka wodini. Vifaa havikuwa taabu. Taabu ilikuwa watu. Walisema damu ikitoka hairudi. Walisema itauzwa, au itatumiwa kwa uchawi. Obadiah alikwenda makanisani na kwenye kambi ya polisi, akakunja shati, akaonyesha mkono wake mwenyewe ulipochomwa. Hakuwa mhubiri mzuri, kwa vile alisema yote kwa sauti ileile, lakini pengine ndiyo maana baadhi walimwamini. Wakajitokeza mmoja mmoja, akawapima, akawakumbuka.

Asubuhi moja lori lililokuwa likibeba maua ya pareto lilimleta mwanamke aitwaye Bathsheba kutoka upande wa Ikonge. Alikuwa amejifungua jana yake, na damu ilikuwa haijakoma vizuri tangu hapo. Midomo yake ilikuwa rangi ya jivu. Mama yake, Persis, alikuwa amembeba kichanga, na kabla daktari hajamaliza kusema damu inahitajika alikuwa amempa muuguzi yule mtoto na kukunja mkono wa gauni lake.

Obadiah alimpima Bathsheba: kundi B. Akampima Persis: kundi A. Akachanganya, kwa kuwa kanuni ilitaka achanganye, na damu ikakatika pale pale, wazi kabisa. Alitoka na kigae mkononi akamkuta Persis amesimama mlangoni. Alimwambia papo hapo, kama mtu anayeelekeza mgeni mahali choo kilipo.

"Damu yako haikubaliani na yake."

Persis alikitazama kigae. "Ni mtoto wangu."

"Najua, mama."

"Nimemzaa mimi. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyekuwepo. Nimemzaa mimi mwenyewe."

"Tukimwekea damu yako itamuua."

Persis akateremsha mkono wa gauni, akakifunga kifungo chake taratibu.

"Kwa hiyo ningekuwa nimemuua mimi," alisema.

"Ndiyo," Obadiah akajibu, kwa sababu lilikuwa swali na lina jibu. Akaondoka.

Kwenye friji hapakuwa na damu inayofaa. Obadiah mwenyewe alikuwa kundi A. Lakini mjini palikuwa na Samsam, mke wa Gulled muuza nyama, Msomali aliyeuza maziwa kando ya duka la mumewe. Gulled alipoumizwa na fahali siku za nyuma, jamaa zake wote walipimwa, na Samsam alikuwa kundi B. Obadiah alimkuta ameketi na vibuyu vyake.

"Mama Abdi, ile damu yako inahitajika."

"Leo?"

"Sasa hivi."

"Mgonjwa ni nani?"

"Mwanamke wa Ikonge. Amejifungua."

Samsam alifunika maziwa, akamwita mumewe, akamweleza kwa Kisomali. Gulled alifikiri kidogo. Halafu akanawa mikono, akatoka nje, akaketi kwenye kile kigoda cha maziwa mahali pa mkewe.

Damu zilikubaliana. Daktari alimchoma Bathsheba mshipa, na chupa ikatundikwa kwenye msumari. Persis alisimama ukutani akiangalia ile damu ikishuka. Hakuuliza ya nani mpaka alipomwona Samsam amelazwa chumba cha pili, ametiwa pamba mkononi. Hawakuwa na lugha ya kuzungumza. Persis alikijua Kiswahili cha kununulia chumvi tu. Alikwenda jikoni akarudi na chai, akamwinua Samsam kichwa, akamshikia kikombe mpaka akaimaliza.

Alasiri midomo ya Bathsheba ilianza kurudia rangi. Muuguzi alicheka peke yake. Daktari alimpiga Obadiah begani na kumwambia kwamba kazi ya Nairobi imeonekana. Obadiah alisimama kidogo pale kitandani. Alingoja, kama mtu anayesikiliza kama kuna mtu ndani ya nyumba. Hakusikia kitu. Akaenda kuosha mipira na kunoa sindano.

Mavuno ya wimbi yalipokwisha, Persis alikuja tena hospitali na vikapu viwili vya unga. Kimoja kilikuwa cha Samsam, akamwomba Obadiah ampelekee. Kingine alikiweka juu ya meza ya chumba cha damu, akabaki amesimama.

"Bathsheba amepona," alisema. "Analima. Nina neno nataka kukuuliza."

"Uliza, mama."

"Damu ya yule mama wa Kisomali bado imo ndani yake?"

"Imekwisha, au imekaribia. Mwili wenyewe hutengeneza nyingine."

"Unatengeneza ipi? Yangu?"

"Yake."

"Yangu haimo hata kidogo."

Obadiah alikuwa na jibu. Bwana Menezes aliwafundisha katika wiki za mwisho, kwa kuchora ubaoni, kwamba mtoto huchukua fungu moja la damu kwa baba na moja kwa mama, na fungu moja laweza kulifunika lingine lisionekane. Alilijua hata siku ile mlangoni. Alifungua mdomo amweleze kwa ile sauti yake ya siku zote, na sauti haikuja. Akakohoa. Akavuta kigoda, akaketi, ingawa mgeni wake alikuwa bado wima.

"Imo, mama," alisema mwishowe. "Nusu yake imetoka kwako. Ni vile tu haionekani kwenye kigae."

"Nusu."

"Nusu kamili."

Persis alitafakari hilo. "Ungeniambia siku ile."

"Ndiyo. Ningekuambia."

Hakumkaripia. Alimwomba amimine unga kwenye chombo ili arudi na kikapu chake. Obadiah alitafuta chombo, akamimina, na unga kidogo ukamwagika sakafuni.

Jioni ile alimsimulia Nyanchera jambo lote wakati wa kula. Lilikuwa jambo dogo, lakini Nyanchera alimwona mumewe ameacha chakula nusu, naye hakumhimiza amalize. Zaidi ya hapo hakubadilika sana. Kesho yake aliamka akaenda kazini, na watu waliendelea kumwona yule yule, mpole, anayejibu alichoulizwa.

Mwaka wa 1957 hospitali ilianza kumpa wanafunzi: madresa na wauguzi kutoka zahanati za Kenyenya, Ikonge na kwingineko, waliokuja kujifunza kupima damu. Aliwafundisha kama alivyofundishwa. Asiyeona arudie. Ila mwishoni aliongeza somo moja ambalo Bwana Menezes hakuwa nalo. Aliwaketisha wawili wawili, mmoja awe mama na mwingine awe dresa, na dresa amwambie mama kwamba damu yake haifai. Vijana walicheka mwanzoni. Aliwaacha wacheke mpaka wachoke.

"Kwanza mtafutieni kiti," aliwaambia. "Kigae kiacheni ndani. Na mkishasema haifai, msiondoke. Mwambieni pia kwamba nusu ni yake."

Mwanafunzi mmoja, muuguzi aitwaye Nyanchama, aliinua mkono. "Na asipoelewa, mwalimu? Akiuliza tena?"

"Utamjibu tena."

"Na akiuliza tena baada ya hapo?"

Obadiah alimtazama. "Utamjibu tena," alisema, akawaambia wabadilishane, aliyekuwa mama sasa awe dresa.