Baba Haitikii Shikamoo Yangu kwa Sababu ya Somo la Ng'ombe Aliyepotea

Admin, nifichie jina, maana hata wanafunzi wangu wanafuata ukurasa huu.

Mimi ni kijana wa kiume, miaka 29, mzaliwa wa Gehandu huku Hanang. Naandika masomo ya Kiswahili ya kutengeneza kurasa za mtandaoni kwa kutumia simu. Wanafunzi wangu ni vijana waliomaliza kidato cha nne wakarudi nyumbani kuchunga. Nimechoka, ndugu zangu. Hata kuandika hapa najikongoja.

Mimi sifundishi kamera leo, ramani kesho, maana vijana wanasinzia. Natoa kazi moja inayovitaka vyote pamoja. Ng'ombe amepotea: tengeneza ukurasa ambao anayemwona anampiga picha, mahali alipo panajirekodi, vyote vinakaa kwenye simu hata pasipo mtandao, na mtandao ukirudi wenzake wanapata taarifa. Nilijaribu kwanza kwa shamba la mahindi. Wakanicheka: "Mwalimu, mahindi yanaenda wapi?"

Somo la ng'ombe likapendwa. Katika kufanya mazoezi wakapiga picha kila ng'ombe waliyemwona, hata walio kwenye mazizi ya watu. Hapo ndipo nilipomuumiza baba yangu.

Baba ni mfugaji wa siku nyingi, na ng'ombe wake wengi amewaweka kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule. Hayo ni mambo ya mzee na rafiki yake, hata sisi watoto hatuulizi. Siku moja mnadani mtu akamwonyesha simu: ng'ombe wake huyo, na njia ya kufika alipo.

"Nimewagawa ili ugonjwa ukija usiwamalize wote," aliniambia, "na ili mwenye wivu asijue. Wewe umewatoa wote nje."

Nilimwomba msamaha, nikafuta mbele yake ukurasa wangu wa somo, zilikokusanyika picha hizo. Nilifuta kweli. Lakini nilisahau nilichofundisha mwenyewe: kila mwanafunzi ana ukurasa wake, na picha zimebaki kwenye simu zao. Hazikupita wiki nyingi, akaonyeshwa tena. Sasa ananiona mwongo. Nikisema shikamoo baba, anageuka kuangalia zizi. Kwetu hilo ni zito kuliko kofi, na linaniuma sana.

Mama anasema, "Achana na hayo mambo ya simu, mwanangu. Baba ni mmoja."

Ningeacha. Ila nimewaambia vijana wafute, wakaitikia "sawa mwalimu," na hawajui waanzie wapi. Somo linalofuata ndilo linalowaonyesha: kuomba ruhusa ya mwenye ng'ombe kwanza, kuficha mahali alipo, kuondoa picha za zamani. Nimeshalipanga, liko tayari kwenye simu yangu. Na baba amesema nikitoa somo jingine, hata moja, nisikanyage kwake.

Nikilitoa, nampoteza baba. Nisipolitoa, ng'ombe wake wataendelea kuonekana, na kila wakionekana ataamini ni mimi. Ninyi wenye wazazi wagumu, nishikeni mkono: nilitoe, au ninyamaze?