Jibu Moja la Chuo Kizima

Dada yangu mkubwa anafundisha mawasiliano ya biashara. Au tuseme alikuwa anafundisha, maana siku hizi anashinda sebuleni akiangalia pazia. Mimi ni mdogo wake, fundi seremala. Sikusoma sana na wala sioni haya kusema. Ila masikio ninayo, na nilichokisikia siku ile chini ya dirisha la chumba cha mikutano sitakisahau hata nizeeke nisahau na jina langu.

Huyu dada alikuwa mwalimu kwelikweli. Ukimjibu kwa maneno ya kitabu anakukata: "Hayo kasema mwenye kitabu. Wewe unasemaje?" Wanafunzi walimwogopa kwa hilo, halafu wakampenda kwa hilohilo. Nyumbani akamlea binti yake vivyo hivyo. Mpwa wangu huyo, tangu ana mapengo ya utotoni, hakukosa swali mdomoni. Kwa nini duka la kona linauza soksi na betri pamoja? Kwa nini, mjomba, unapinda msumari halafu unaunyoosha? Tukambandika jina: Bi Maswali. Nilimfukuza karakanani kwangu mara nyingi, na kila akirudi nafurahi kimoyomoyo.

Alipofikia umri wa chuo akaingia hapohapo anapofundisha mama yake. Kilikuwa chuo kidogo cha biashara, madarasa yamezunguka uwanja wa saruji, lango la bati la kijani. Kilikuwa na kibali cha muda tu. Ithibati kamili, ile inayofanya cheti chako kitambulike kwa waajiri na vyuo vikubwa, kilikuwa bado kinaihangaikia, na baraza la ithibati lilishakirudisha mara moja: vitabu haba, walimu wenye shahada za juu wachache. Safari hii ilikuwa kufa na kupona. Ikikosekana, wanaomaliza mwaka ule wangetoka na karatasi ya kufungia sabuni. Na Bi Maswali alikuwa wa mwaka ule.

Vitabu vikanunuliwa, kuta zikapakwa rangi, walimu wapya wakaletwa na madigrii yao, mimi nikapewa viti vyote vilivyolegea nivikaze. Wakabaki wanafunzi. Wakaguzi wa baraza wakija hukaa nao peke yao, mlango umefungwa, mwalimu haruhusiwi hata kuchungulia. Hapo ndipo mkuu wa chuo alipokosa raha. Akamwita dada.

"Mwalimu, hawa watoto watatuvua nguo mchana kweupe. Wafundishe cha kusema."

"Siwezi. Miaka yote nawakataza kukariri, leo niwakaririshe mimi?"

"Binti yako naye si anamaliza mwaka huu?"

Kuanzia wiki ile, vipindi vikiisha, nilikuwa namsikia darasani akiwaimbisha: "Chuo chetu kinatuandaa kuwa wabunifu," wanavuta pumzi, "wanaofikiri kwa kina na kujitegemea." Hata pa kuvuta pumzi aliwaonyesha. Mlinzi wa lango alishakariri naye, akawa ananisalimia kwa maneno hayo. Nikamtania dada, "Umeanza kufuga kasuku?" Hakucheka.

Kulikuwa na jambo moja lililomtisha kuliko mengine. Chuoni pale kila kikundi cha wanafunzi hupewa biashara ya mtu halisi waisaidie. Kikundi cha Bi Maswali kilipewa fundi viatu wa nyuma ya ukuta. Wakamshauri afungue kibanda cha pili kule stendi, kama kitabu kinavyosema. Kibanda kikafa, na cha zamani nusura kife nacho. Wenzake wakainama vichwa wakaendelea na masomo. Bi Maswali akarudi kwa yule mzee kuomba radhi, akakaa naye kwenye kigoda likizo nzima mpaka akaelewa. Alikuja kuniambia macho yanawaka: "Mjomba, wateja hawakuwa wanafuata kibanda! Wanamfuata yeye, mikono yake. Kibanda cha pili kingekuwaje na mikono yake?"

Dada aliposikia kwamba wakaguzi huuliza na yaliyoharibika, akawaonya wanafunzi: "La fundi viatu msiliguse. Tulishindwa pale."

"Lakini mama, hapo ndipo nilipojifunza."

"Mwanangu, nakuomba. Mara hii tu."

Siku yenyewe nilikuwa nje ya chumba cha mikutano nikigongea mguu wa benchi. Dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya harufu ya rangi. Mwenyekiti wa jopo alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya upole, na wanafunzi waliitwa wawili wawili. Kila jozi aliiuliza hilohilo: "Niambieni jambo mlilojaribu likawashinda. Liliwafunza nini?"

"Tunashukuru, kila tulichojaribu kilifanikiwa. Chuo chetu kinatuandaa kuwa wabunifu," pumzi, "wanaofikiri kwa kina na kujitegemea."

Wakatoka, wakaingia wengine. Yaleyale, na pumzi yao palepale. Mkaguzi mmoja akaanza kuimalizia sentensi pamoja nao chini kwa chini. Mimi ambaye siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini, nilisogea karibu na dirisha.

Kisha nikasikia sauti ya mpwa wangu ikiamkia. Swali likaulizwa. Nikaweka nyundo chini. Sema, nikaomba moyoni, sema wewe mtoto, leo ndiyo siku yako. Yule mama akambembeleza, "Usiogope, binti. Chukua muda wako."

"Tunashukuru," akasema Bi Maswali, "kila tulichojaribu kilifanikiwa."

Akamaliza yote, pumzi na kila kitu. Nikasikia kalamu ikilazwa mezani.

Majibu yalipokuja mkuu alitukusanya wote uwanjani. Jopo lilisifu vitabu. Viti vyangu pia vilisifiwa, nakwambia, na sikuona fahari yoyote. Lakini chuo kilishindwa kuonyesha kwamba wanafunzi wake wanaweza kufikiri wenyewe. Ithibati imekataliwa, kibali cha muda kimefutwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lango la kijani lina mnyororo sasa, na mkuu amepata kazi kwingine.

Bi Maswali anapanga bidhaa kwenye duka kubwa la mjini. Walimpokea kwa cheti cha sekondari. Wanamsifu hana maneno. Akiambiwa panga huku, anapanga. Akiambiwa hamisha, anahamisha.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao nikitengeneza kabati la jikoni. Nikapinda msumari makusudi, nikaunyoosha polepole mbele ya macho yake. Mpwa wangu akanipa koleo, basi. Dada aliona. Akainuka pale kwenye pazia lake, akaja akamshika mikono.

"Muulize mjomba wako kitu, mwanangu. Au niulize mimi. Nitukane ukitaka. Uliza chochote."

Bi Maswali alimtazama mama yake kwa adabu, alivyokuwa akimtazama darasani wakati ule wa mazoezi.

"Niulize nini, mama?" akasema. "Wewe niambie maneno yenyewe, nitayasema."